Nilianza kwa kuandika nilichokula

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliichapa Simba mabao 5-1 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mimi ni mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, tangu tumboni, na siku hiyo nilikuwa nimekaa kibanda umiza Mbagala, nimezungukwa na watu waliovua mashati. Kila bao lilipoingia niliinuka kwa sababu jirani yangu alikuwa ananivuta mkono. Nilipiga makofi, nikapiga na ukelele kidogo. Ndani hakukuwa na kitu. Shabiki mmoja wa Simba, ambaye siku nyingine tungetaniana mpaka tukakaribia kugombana, aliniangalia akasema, "Wewe leo vipi, umehama timu?" Nikacheka, maana ndicho kilichotakiwa.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nadhani ninaumwa. Akaniuliza wapi. Nikashindwa kumjibu.

Mama yangu alikuwa amefariki mwezi Mei mwaka huohuo. Kama na wewe umefiwa, au umeuguza muda mrefu, ukajikuta hulii, hukasiriki, hufurahi, unakula kwa sababu saa imefika, basi haya nakuandikia wewe. Nilipokuwa ndani ya hali ile nilipata ushauri wa aina moja kila nilikogeuka: andika unavyojisikia. Kwangu ushauri huo haukufanya kazi hata kidogo. Kilichofanya kazi kilikuwa kitu cha chini zaidi ya hapo, na kilikuwa na gharama zake, ambazo nitazitaja.

Mama alikuwa mtu wa Pangani. Figo zilipogoma tukamhamishia kwangu, kwa sababu mashine ya kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, kiasi cha saa nne kila mara, na kumsafirisha mgonjwa toka Pangani kwa ratiba hiyo ni kummalizia njiani. Bima ilibeba mashine. Haikubeba bajaji, haikubeba dawa ambazo dirishani waliandika "hakuna", wala siku nilizokosa kazini. Mimi natunza stoo ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Bosi alinivumilia, lakini kwa kunikata.

Muuguzi wa mashine alinishauri ninunue kaunta buku niwe naandika uzito wa mama kabla ya mashine na baada ya mashine, presha yake, na maji aliyokunywa. Mgonjwa wa hatua ile hakojoi, au anakojoa kidogo sana, kwa hiyo anachokunywa kinabaki mwilini mpaka mashine ikitoe. Kilo mbili zikiongezeka kati ya Jumatatu na Jumatano, usifurahi kwamba mgonjwa ananenepa. Hayo ni maji. Halafu kuna potasiamu. Ndizi, parachichi, maharage, mchicha, dafu, vyote vinahesabiwa, kwa sababu potasiamu ikipanda inaweza kusimamisha moyo. Viazi unavimenya, unavikata vidogo, unaviloweka, unamwaga maji, unachemsha, unamwaga tena. Mimi ni mtu wa leja. Daftari lile nililitunza vizuri kuliko leja za ofisini.

Na kila asubuhi kabla sijatoka niliweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake wa kushoto, pale walipomfanyia upasuaji wa kuunganisha mishipa ili sindano za mashine zipate pa kuingilia. Wanaita fistula. Ikiwa nzima, inatetemeka chini ya vidole muda wote. Ikinyamaza, imeziba, na hapo unakimbia hospitali. Nagusa, inatetemeka, naandika "sawa", natafuta viatu.

Aliondoka kwa kiharusi, alfajiri, siku ambayo hata mashine haikuwa zamu yake. Tulimzika Pangani siku hiyohiyo baada ya laasiri. Mimi na mjomba ndio tulioingia kaburini kumpokea. Ninachokumbuka ni mbao za mwanandani: niliona moja ni fupi, nikaomba nyingine, nikaikagua. Watu walinisifu sana. Wakasema kijana amejikaza. Lakini anayejikaza ana kitu anachokizuia, na mimi sikuwa na cha kuzuia. Nilisimamia ubani, nikasimamia pilau ya arobaini, nikarudi kazini, hesabu zangu zikawa sahihi kuliko wakati wowote. Hili ndilo lililonichelewesha: ganzi ya namna hii haionekani kwa watu. Mtu anayelia barabarani atashikwa mkono, ila anayehesabu misumari bila kukosea atapongezwa.

Aliyeona ni mke wangu. Kabla hata ya ile mechi aliwahi kuniambia, "Baba Watoto, siku hizi hata kukasirika hukasiriki." Nilidhani ananisifu.

Nilianza kuandika kwa kichwa changu mwenyewe, kwenye simu, usiku nikiwa kitandani. Niliandika "Leo najisikia", halafu nikaitazama ile nafasi iliyobaki. Nikajaza "kawaida". Kesho yake "kawaida". Nikaona labda simu ndiyo tatizo, nikanunua shajara yenye jalada gumu na utepe, shilingi elfu kumi na tano, na humo nikajilazimisha. Nilijaza kurasa kadhaa. Ukizisoma leo utadhani ni risala: "Mama, pengo lako halitazibika, ulikuwa nguzo na taa ya familia." Hakuna sentensi humo iliyokuwa ya kwangu. Nilikuwa naandika anachotakiwa kuandika mtu aliyefiwa. Na baya zaidi, kila nikifunga ile shajara nilizidi kuamini kwamba mimi ni mtu mbaya, mtoto asiye na uchungu na mama yake.

Baada ya mechi mke wangu alinipeleka kwanza kwa shehe wa mtaani kwetu, akanisomea. Sidharau hilo, nilirudi nikalala vizuri. Yule shehe mwenyewe ndiye aliyesema, "Nenda na hospitali pia, usichague." Daktari alinipima damu, pamoja na kipimo cha tezi ya shingo, kwa maelezo kwamba tezi hiyo ikifanya kazi chini ya kiwango inaweza kumfanya mtu awe mzito na asiyejali, na haifai kumtibu mtu huzuni kumbe tatizo ni homoni. Tezi ilikuwa salama. Halafu akanisomea maswali ya PHQ-9, yale tisa ya kupima sonona, yanayouliza hali yako ya wiki mbili zilizopita. Nilitarajia aniulize kama nalia. La kwanza kabisa linauliza kuhusu kukosa hamu au raha ya kufanya mambo. Niliona kama amenichungulia dirishani.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kwamba bora ufe, au ya kujidhuru. Nilitaka kujibu hapana, tupite. Nikasema kweli: sitaki kujiua, ila naona kuishi na kutoishi ni mamoja. Akaniambia hilo nalo linahesabiwa, na akaliandika. Ukiulizwa swali hilo usipunguze jibu. Na kama kwako mawazo hayo yameshakuwa na mpango, njia au siku, acha kusoma hapa na usishike daftari. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali leo. Kuandika si kazi ya mtu aliye pale.

Alinieleza habari za dawa. Zipo, zinasaidia wengi, ingawa baadhi yake zenyewe zinaweza kumfanya mtu ahisi amepoa hisia, kwa hiyo ukianzishiwa na ukaona hivyo, rudi useme, usiziache kimyakimya. Tukakubaliana nianze na mshauri nasaha, na nisipobadilika turudi kwenye dawa. Kumwona daktari na vipimo vilinigharimu zaidi ya laki moja. Mshauri ni elfu hamsini kila kikao. Kwa mshahara wangu nilimudu kwenda mara moja kwa wiki mbili, na wakati mwingine mwezi ulipita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi niliifanya na daftari.

Mshauri wangu ni mama wa makamo, anaongea taratibu. Nilimpelekea ile shajara ya utepe kama mwanafunzi anayepeleka daftari kusahihishiwa. Akasoma ukurasa mmoja, akaifunga.

"Hii umemwandikia nani?"

Nikanyamaza.

"Usiandike unavyojisikia, kaka. Kwa sasa hujisikii, utatoa wapi? Niandikie ulichokula, ulichoshika, na mahali uliposimama. Basi."

Nilimuuliza kama huo ni utaalamu au ni wa kwake tu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Wengine waliambiwa waandike mambo ya kawaida tu. Kati ya walioandika juu ya jambo lililowaumiza, wapo walioandika matukio matupu, wapo walioandika hisia tupu, na wapo walioandika vyote viwili. Hao wa vyote viwili, katika miezi iliyofuata, walionekana kwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Akaniambia pia, na hapa ndipo nilipoanza kumwamini, kwamba nisitegemee muujiza: mwaka 2006 mtafiti Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za namna hiyo akakuta faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Muuzaji anayekutajia kasoro ya bidhaa yake, mimi hununua kwake.

"Wewe uko upande wa matukio matupu," akasema. "Hapo si pabaya, ndipo tutakapoanzia. Ila tusilale hapo."

Sikununua daftari jingine. Kaunta buku la mama lilikuwa na kurasa nyingi zimebaki. Mstari wa mwisho niliouandika ulikuwa wa siku mbili kabla hajafa: uzito baada ya mashine, presha, "sawa". Nikaruka mistari miwili, nikapiga mstari kwa rula, nikaanza. Nanukuu siku moja ya mwanzoni kama ilivyo:

"Chai, chapati mbili. Moja imeungua upande. Nimeanza na upande ulioungua. Daladala nimesimama mpaka Mtoni. Mkono wa kulia umeshika bomba, bomba lina jasho la mtu mwingine. Stoo: nondo za milimita 12 zimepungua mbili, kosa la bili. Mchana wali maharage. Maharage nimekula."

Ni hivyo tu. Ukisoma utasema huyu anaandika ripoti. Lakini angalia sentensi ya mwisho. Kwa nini niandike kwamba maharage nimekula? Mimi sikuliona. Mshauri ndiye aliyeweka kidole pale akauliza, "Nani hakuwa anakula maharage?"

Baada ya muda akaniongezea mstari mmoja wa kumalizia kila siku: mwilini, wapi pana kitu? Nisitaje hisia, nitaje kiungo. "Koo kavu." "Mabega yako juu." "Tumbo jepesi kama sijala, na nimekula." Siku nyingine niliandika "hakuna", na hilo nalo akalikubali. Kisha akaniambia nyuma ya jalada niorodheshe maneno yote ya hisia ninayoyajua, ya nyumbani, si ya vitabuni. Nilidhani nitapata kumi. Nikiwa kwenye daladala yalikuja mengi mno: uchungu, kinyongo, donge, simanzi, soni, wivu, kero, kisirani, hamu, fadhaa, unyonge, kutahayari, bumbuwazi, kijicho, bashasha. Mke wangu akaniongezea mengine ambayo nilishangaa anayajua. Kazi ikawa: ukishaandika kiungo, pitisha macho kwenye orodha, na ukiona neno linalogusa, hata kwa mbali, liandike pembeni na alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza ni muhimu. Inakuondolea ulazima wa kuwa na hakika.

Neno la kwanza kuandikwa lilikuwa "kero?". Sababu yake ni mashine ya kusaga ya jirani. Nilivunjika moyo, maana nilitaka neno kubwa. Mshauri alifurahi kuliko nilivyofurahi mimi. Alisema hisia hazirudi kwa mpangilio wa heshima. Mara nyingi zinatangulia zile unazozionea aibu.

Kilichofuata sikukitegemea, na ningependa mtu angeniandaa. Usiku mmoja nilikuwa naandika habari ya mikono, kwamba leo nimebeba nini, nimeshika nini. Nikaandika "vidole viwili vya kulia, cha shahada na cha kati, vina vumbi la saruji". Nikavitazama. Vidole vile vikakumbuka. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo: nilihisi ile fistula inatetemeka chini ya ncha zake, na mkono wa mama haupo. Sikulia. Nilihisi baridi, nikaenda msalani nikatapika. Sikulala. Asubuhi nilimfokea mwanangu kwa sababu ya soksi.

Kwa hiyo gharama nyingine ndiyo hii. Watafiti wenyewe wanasema watu wengi hujisikia vibaya zaidi mara tu wanapomaliza kuandika, na faida huja baadaye. Jua hilo kabla hujaanza, na waandae wa nyumbani kwako. Mimi tangu siku hiyo nilihamisha kuandika kutoka usiku kwenda jioni, nikitoka kazini, kabla ya kupanda daladala. Dakika 15 kwa kengele ya simu, ikilia nafunga hata kama nipo katikati ya neno. Nikifunga natia udhu, au natembea mpaka kituo cha mbele, au napiga soga na mama wa kahawa. Mwili upewe kitu cha kufanya. Na Pennebaker ana kanuni yake ambayo mshauri aliirudia mara nyingi: ukiona jambo fulani litakuvuruga kabisa ukiligusa, usiliandike leo, andika lingine.

Kulia kulikuja siku kadhaa baadaye, mahali pabaya. Nilikuwa stoo nahesabu misumari ya inchi nne, na bila taarifa machozi yakaanza kutiririka, nikakaa juu ya mifuko ya saruji nikalia kwa sauti. Bosi alikuja mbio akidhani nimegundua wizi. Alinipa chupa ya maji, akasimama pale hajui la kusema, mwisho akaniuliza kwa upole kama hesabu zimekubali.

Kisha ikaja hasira, na hii ilikaa sana. Nilidhani ukiondokewa na mama unabaki na majonzi peke yake. Mimi nilimkasirikia marehemu. Alikuwa anakunywa maji ya kutawadhia kwa kujificha, nilimkuta. Nilipoteza usiku mzima namsubiri avute pumzi kwa sababu ya maji yale, na asubuhi yake akaniambia, "Mwanangu, kiu huijui wewe." Niliwakasirikia pia ndugu zangu waliokuwa wakipiga simu kuuliza mama anaendeleaje, halafu wakakata kabla sijafika kwenye nauli. Yote hayo niliyaandika kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Ndiyo maana lazima uamue mapema daftari litakaa wapi. Nyumba zetu hazina chumba cha siri. Nililiweka stoo, katikati ya leja za miaka ya nyuma, kwa sababu hakuna binadamu anayefungua leja kwa hiari yake. Mke wangu nilimwambia wazi: kuna daftari, halina mwanamke wala pesa, usilisome, na mimi nikiwa tayari kusema kitu nitakusemea kwa mdomo. Alicheka akasema halina pesa, atalitafutia nini. Ukilificha bila kusema, likionekana litakuletea kesi nyingine. Na kama huna pa kuweka kabisa, andika uchane. Mshauri anasema faida iko kwenye kuandika, hata karatasi isipobaki. Mimi sikuweza kuchana kwa sababu ya zile kurasa za uzito.

Sehemu iliyonishinda zaidi ilikuwa dafu.

Mama aliomba dafu karibu kila wiki. Hakuomba kwa kulalamika; aliuliza tu, "Leo yule kijana wa madafu hajapita?" Amepita, mama, lakini unajua. "Najua." Baada ya hasira kupoa, daftari langu likageuka kuwa ukurasa mmoja unaojirudia: ningempa, hata nusu glasi, ningempa, angekufa amekunywa. Siku nyingi ni hilo tu. Nilikuwa nalia, hivyo nilidhani napona. Mshauri akaniambia nifungue kurasa hizo nihesabu ni mara ngapi nimeandika "kwa sababu". Hakuna. Hata moja. Akaniambia kwamba Pennebaker alipochunguza maandishi ya watu waliofaidika, aliona kadiri siku zinavyokwenda wanazidi kutumia maneno ya aina ya "kwa sababu" na "sasa naona". Anayezunguka palepale hana maneno hayo. Machozi peke yake si kipimo.

Akanipa zoezi: andika habari hiyohiyo, lakini ya mtu mwingine. Niliona ni mchezo wa watoto. Nikaandika: "Kijana mmoja wa Mbagala alimnyima mama yake dafu kwa sababu mwezi wa pili potasiamu ilipanda ghafla, na daktari wa zamu alimwambia mbele ya watu kwamba ikifika hivi tena atamzika. Kwa sababu alikuwa peke yake. Kwa sababu alipokuwa akifika nyumbani jioni, kabla ya kuvua viatu, alikuwa akisikiliza kwanza kama ndani kuna sauti." Huyo kijana nilimhurumia. Nilimhurumia kabla sijakumbuka ni nani. Nikaliangalia neno "hofu" kwenye orodha ya nyuma, nikaliandika pembeni bila alama ya kuuliza. Miaka yote ile ya kuuguza nilikuwa naogopa kila siku na sikuwahi kujua. Nilidhani ni utaratibu.

Hapo ndipo mambo mengine yalianza kurudi, kwa vipande. Pilipili ilirudi kuwasha. Binti yangu aliimba kitu bafuni nikajikuta nimesimama mlangoni namsikiliza. Nilikasirika kwenye foleni ya benki, hasira safi ya kawaida, nikafurahi kwamba nimekasirika. Vingine havijarudi. Taarabu, ambayo mama na mimi tuliisikiliza wakati wa kuloweka viazi, bado inapita bila kunigusa, na siilazimishi. Kwa daktari tulikubaliana nisianze dawa, lakini hayo ni yangu mimi. Binamu yangu alipofikwa na hali yake alianza na dawa, zikamwinua, ndipo akaweza hata kushika kalamu. Usimwige mtu kwa hilo, wala usitumie daftari kukwepa daktari.

Siku hizi siandiki kila siku. Naandika nikiona nimeanza kuwa sahihi kupita kiasi kazini, au mke wangu akiniuliza jambo nikajibu "kawaida". Kaunta buku la mama limeisha, nimeanza jingine.

Mwaka jana kabla ya Idi dada yangu wa Tanga alikuja. Ndiye aliyekuwa akija kunipokea zamu mara mojamoja, anakaa na mama wiki moja nami napumua. Nilikuwa nimeshampa kinyongo kingi kwenye daftari, nikaona nimwambie angalau jambo moja kwa mdomo. Nikamweleza habari ya dafu, kwamba ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba mama amekufa na hamu yake.

Akanitazama muda, akasema, "Mdogo wangu, mbona mimi nilikuwa nampa."

Nilidhani sijasikia. Akarudia. Kila alipokuja, nikishatoka kwenda kazini, alikuwa anamwita yule kijana, anamimina glasi moja, wanakunywa wote wawili nusu kwa nusu, kisha anaosha glasi. Nikamuuliza hata mwezi wa pili? Akafikiri, akasema hata mwezi wa pili. Nilimwambia maneno makali sana. Nilimwambia alimweka mama ukingoni mwa kaburi kwa ajili ya kupendwa. Naye akaniambia mimi nilimfanya mama kuwa stoo. Aliondoka kesho yake asubuhi na hatukusemeshana mpaka Idi, tena ni mjomba aliyetukutanisha.

Usiku ule alipoondoka nililivunja sharti langu la kutoandika usiku. Niliandika hasira, nikapigia mstari. Siku iliyofuata niliporudi kwenye ukurasa ule nikaongeza neno la pili, wivu, kwa sababu yeye ndiye aliyemwona mama akinywa.